Nyekundu na Bluu: Rangi ya Jezi Inapoingia Kwenye Karatasi ya Jaji

Waamuzi wenzangu, majaji wa meza na wa kona, makocha, na ninyi mnaokesha mkipanga droo usiku wa kuamkia mashindano: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Mbele yenu kuna karatasi iliyofunikwa. Naomba ibaki hivyo hivyo. Nikimaliza tutazima taa, nanyi mtaamua vipande vya video, kila mtu peke yake. Kwanza tuelewane tunatafuta nini, maana jambo hili la rangi limezungumzwa sana na watu wasiowahi kubonyeza kitufe cha alama.

Swali linaloulizwa kila mahali ni hili: je, nyekundu hushinda? Limeulizwa vibaya. Rangi haimpigi mtu ngumi wala haimwangushi mkekani. Sisi tunaoshika kalamu tuna swali letu: ni sehemu gani ya pambano inayoachiwa jicho la mtu, na katika sehemu hiyo rangi inaweza kusogeza alama kwa kiasi gani?

Habari yenyewe ilianzia Athens. Katika Michezo ya Olimpiki ya 2004, michezo minne ilikuwa na utaratibu unaofanana: ndondi, taekwondo, mieleka ya Kigiriki-Kirumi na mieleka huru. Mmoja alivaa nyekundu, mwenzake bluu, na droo ndiyo iliyoamua nani avae nini. Hakuna aliyejichagulia. Kwa mtafiti hiyo ni bahati, kwa sababu bingwa akijichagulia rangi, huwezi tena kujua kama kilichoshinda ni rangi au ubingwa. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Durham nchini Uingereza, Russell Hill na Robert Barton, walihesabu matokeo hayo na mwaka 2005 wakachapisha makala fupi katika jarida la Nature. Nyekundu ilishinda karibu 55% ya mapambano. Katika raundi 21 za mashindano hayo, 16 zilikuwa na washindi wengi zaidi wa nyekundu, na katika madaraja 29 ya uzito, 19 yalielemea huko huko. Jambo la kutuuma sisi lilikuwa hili: wapinzani walipopishana sana kwa uwezo, rangi haikuonekana kufanya kitu. Walipokaribiana, nyekundu ilipanda hadi karibu 60%.

Magazeti yaliishia hapo. Wahesabuji waliendelea.

Mwaka 2023 ilitoka hesabu kubwa zaidi, na Hill na Barton wenyewe ni miongoni mwa walioiandika. Ilikusanya ndondi, taekwondo na mieleka za Olimpiki kuanzia 1996 hadi zile za 2020, pamoja na mashindano ya dunia ya ndondi ya 2005 hadi 2021: mapambano zaidi ya 6,500. Kwa jumla nyekundu ilipata 50.5%, yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Kwenye mapambano ya alama za kukaribiana ilipata 51.5%. Lakini walipotenga miaka ya kabla ya 2005, yale ya kukaribiana yalionyesha karibu 56% kwa nyekundu. Baada ya hapo upendeleo ukayeyuka. Kwa nini uyeyuke? Katika miaka hiyo michezo hii ilibadilisha kanuni: vifaa vya kielektroniki viliingia, marudio ya video yakaingia, namna ya kutoa alama ikabadilika. Waandishi wanaona mabadiliko hayo huenda ndiyo sababu, nami nakubaliana nao. Yanaelekea hasa pale ambapo jicho la mtu lilikuwa likifanya kazi peke yake.

Kabla ya kwenda mbele, tuzungumze kuhusu judo, kwa sababu judo ndiyo iliyotufundisha jinsi mtu mwangalifu anavyoweza kudanganyika. Zamani wanajudo wote walivaa nyeupe na kutofautishwa kwa mkanda mwekundu na mweupe. Anton Geesink, bingwa wa Olimpiki wa 1964, alipendekeza vazi la bluu katika miaka ya 1980. Shirikisho la dunia lililikubali mwaka 1997, na Olimpiki ya kwanza kulitumia ilikuwa Sydney 2000. Sasa, mwaka 2005 watafiti wengine waliangalia judo ya Athens wakakuta bluu inaishinda nyeupe. Maelezo mazuri yakatolewa: labda nyeupe inang'aa, mpinzani anaiona mapema na kuikwepa. Yaliingia akilini. Mwaka 2008 Dijkstra na Preenen wakachambua mashindano makubwa 71 ya judo, na athari ya bluu haikuwepo. Kumbe kilichotokea Athens kilitokana na ratiba. Rangi ilifuata nafasi ya mtu kwenye droo, na nafasi kwenye droo haikuwa sawa kwa wote: waliopangwa juu kwa ubora waliangukia rangi moja zaidi ya nyingine, na kwenye mapambano ya waliopoteza, muda wa kupumzika ulitofautiana kati ya pande mbili.

Nawaomba wapanga droo mnisikilize hapa, kwa sababu kosa hili bado linafanyika. Kwenye karatasi nyingi za droo, aliye mstari wa juu wa kila jozi huwa nyekundu na wa chini huwa bluu. Kama hakuna upangaji wa ubora, hiyo ni sawa na bahati nasibu. Lakini mkishaweka wapiganaji bora kwenye nafasi maalumu, yule namba moja anakaa mstari wa kwanza kabisa wa karatasi, na anabaki juu ya jozi yake kutoka raundi ya kwanza hadi fainali. Siku nzima nyekundu. Akishinda mapambano yote matano, kitabu chenu kimeandika ushindi mitano wa nyekundu ambao hauhusiani na rangi hata chembe. Ndondi za kulipwa zina desturi inayofanana, bingwa hupewa kona nyekundu, na UFC, mashindano ya kulipwa ya mapigano mseto, nayo humweka kona hiyo anayepewa nafasi kubwa zaidi. Mtu anayehesabu kona nyekundu za huko anahesabu ubora wa watu. Pollet na Peperkoorn walipoangalia mwaka 2013 rangi ya bukta zenyewe katika UFC badala ya kona, hawakupata ushahidi wa nyekundu kusaidia.

Dawa ni rahisi kiasi cha kuudhi. Droo ipange nani anakutana na nani. Rangi ipangwe kwa kura nyingine, pambano kwa pambano. Kompyuta ya ratiba inaweza kufanya hivyo kwa mstari mmoja wa programu. Kama hamna kompyuta, sarafu. Taabu yake ni moja: mpiganaji lazima aje na seti zote mbili za mavazi, na apate taarifa mapema, si akiwa tayari amefungwa kinga. Toeni rangi za raundi nzima kabla raundi haijaanza, zibandikwe ukutani mahali pa kupashia misuli moto. Mkizitoa dakika tano kabla ya pambano, mtapata watu wanaokimbia na kamba za viatu zikiburuta, na hapo mtakuwa mmeongeza dhuluma nyingine.

Sasa tuje kwenye jicho.

Ushindi wa nyekundu, pale ulipoonekana, unaweza kuingia kwa milango mitatu. Aliyevaa anaweza kujisikia mkali zaidi. Mpinzani wake anaweza kunywea. Au jaji anaweza kuona zaidi ya kilichotokea. Ukiangalia orodha ya washindi peke yake, huwezi kujua ni mlango upi. Ndiyo maana jaribio la Hagemann na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Münster nchini Ujerumani, lililochapishwa mwaka 2008, ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Walichukua waamuzi 42 wa taekwondo, watu wenye uzoefu, wakawaonyesha vipande vifupi vya sekunde chache vya wapiganaji wa uwezo unaokaribiana. Waamuzi waliandika alama. Baadaye wakaonyeshwa vipande vile vile, ila kompyuta ilikuwa imebadilisha rangi: wa nyekundu amekuwa bluu, wa bluu amekuwa nyekundu. Teke ni lile lile, kasi ni ile ile, sekunde ni zile zile. Nyekundu ilipewa wastani wa alama 13% zaidi. Mtu akigeuzwa kutoka bluu kwenda nyekundu, alama zake zinapanda. Akigeuzwa kinyume, zinashuka.

Hapo aliyevaa hakubadilika wala mpinzani hakubadilika. Milango miwili imefungwa, umebaki wetu.

Najua hoja inayokuja, kwa kuwa hutolewa kila semina: "Lakini sisi tuko wengi, kosa la mmoja linafutwa na wenzake." Ni kweli kwa kosa la bahati mbaya. Kwa kosa linaloelekea upande mmoja ni kinyume chake, na naomba tulihesabu pamoja kwa mfano. Katika mashine ya ndondi ya ridhaa, iliyotumika Olimpiki kuanzia Barcelona 1992 hadi London 2012, kulikuwa na majaji watano. Ngumi ilihesabiwa kama watatu walibonyeza kitufe cha rangi ile ile ndani ya sekunde moja. Tuchukue ngumi za utata, zile ambazo jaji mmoja ana nafasi 50% ya kuzibonyezea bluu. Tuseme kwa nyekundu nafasi hiyo ni 56%. Tofauti ya asilimia sita tu kwa kila jaji. Ukipiga hesabu ya watatu kati ya watano, bluu inabaki 50%, nyekundu inafika 61%. Sita imekuwa kumi na moja. Wingi wa majaji haukufuta mwelekeo, uliukuza, kwa sababu wote wanaelemea upande mmoja bila kujuana. Mashine yenyewe, mtakumbuka, ililetwa baada ya fedheha ya Seoul 1988, Roy Jones Jr. alipopoteza fainali kwa kura 3–2 mbele ya Park Si-hun. Iliwekwa kuzuia majaji wanaokusudia kupendelea. Asiyejua kwamba anapendelea ni ugonjwa mwingine, na dawa ile haikuukusudia.

Tangu 2013 ndondi za mtindo wa Olimpiki zinatumia mfumo wa alama kumi: mshindi wa raundi anapata 10, mwenzake 9, 8 au 7. Vigezo vinajulikana kwenu: wingi wa mapigo safi kwenye eneo halali, kutawala pambano kwa ufundi na mbinu, na ari ya kushindana. Kigezo cha kwanza kinahesabika. Cha pili ndicho kinachonikosesha raha. "Kutawala" ni hisia anayoipata mtazamaji, na nyekundu ndiyo rangi ambayo watu huihusisha na hasira, ukali na ubabe. Uso wa mtu aliyekasirika wenyewe huwa mwekundu. Kama kuna mahali rangi ingependa kukaa, ni kwenye neno hilo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa majaji wa ndondi ni kushika mpangilio: malizieni kwanza kigezo cha mapigo safi. Kama kimetoa jibu, andikeni. Mkienda kwenye kutawala, semeni kimoyomoyo ni kitendo gani kilichoonyesha kutawala: alimfungia kona mara ngapi, alimkosesha ngumi ngapi, nani alichagua umbali wa kupigania. Jaji asiyeweza kutaja kitendo hata kimoja hajaona utawala, amehisi tu.

Na kuna kitu kidogo ambacho hakuna anayekitazama: karatasi. Nyekundu huandikwa safu ya kwanza, bluu ya pili. Kona nyekundu iko mahali pale pale kutoka asubuhi hadi usiku, na jaji naye anakaa kiti kile kile. Basi mnachokiita rangi kinaweza kuwa upande wa ulingo anaouona vizuri zaidi, au jina analolisoma kwanza. Kuhamisha majaji viti kila baada ya mapambano machache hakuna gharama, na kunatenganisha rangi na upande wa ulingo.

Taekwondo imepita njia tofauti. Kinga ya kifua ya kielektroniki iliingia Olimpiki London 2012, na ya kichwa Rio 2016. Vihisi vilivyo kwenye soksi na kwenye kinga vinapima mgusano na nguvu, na kiwango cha nguvu kinawekwa kulingana na uzito. Kinga haina macho. Haijui kama ni nyekundu. Wengi wakaona mambo yameisha. Hayajaisha, yamepungua. Ngumi ya kifua, alama 1, bado inatolewa na majaji kwa vitufe. Teke la kawaida la kifua ni alama 2 na kinga inalitambua yenyewe, lakini likiwa la kuzunguka linakuwa 4, na nyongeza hiyo ni ya jaji: yeye ndiye anayesema kama mwili ulizunguka kweli. Kichwani ni hivyo hivyo, 3 na 5. Na adhabu, gam-jeom, inayompa mpinzani alama 1, ni ya mwamuzi wa kati. Raundi inayoisha kwa tofauti ya alama moja au mbili inaweza kuwa imeamuliwa yote na mikono ya watu, huku kila mtu akiamini ni mashine. Anayetaka kuchunguza upendeleo wa rangi katika taekwondo ya leo asihesabu washindi. Ahesabu ngumi, nyongeza za mzunguko na adhabu, rangi kwa rangi.

Mieleka ina jambo ninalolipenda. Mwamuzi wa mkekani huvaa mkanda mwekundu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto na wa bluu kwenye mkono wa kulia, na huonyesha alama kwa vidole vya mkono wa rangi inayohusika. Ni wazo zuri, linaonekana kutoka jukwaani. Tatizo linakuja pale wachezaji wanapobiringishana haraka, mmoja akianza na kugeuziwa. Jicho limeona kitendo, mkono unatafuta rangi, na mkono wa kulia, ule wa watu wengi, ni wa bluu. Alama kuonyeshwa kwa mkono usio wake ni kosa la kawaida kwa mwamuzi aliyechoka. Hili hurekebishwa na jaji wa pembeni na mwenyekiti wa mkeka, lakini hurekebishwa tu kama hao wawili hawakuutazama mkono wa mwamuzi kabla ya kuamua wao. Mtu aandike kwanza, ndipo atazame.

Karate sitakaa nayo sana. Kwenye kumite, yaani pambano la watu wawili, kuna aka na ao, nyekundu na bluu. Rangi iko kwenye mkanda, glavu na kinga za miguu, vazi lenyewe ni jeupe. Kwa hiyo eneo la rangi ni dogo, lakini ndilo hasa linalopiga. Majaji wanne wa pembe wanainua bendera. Hapo la kuangalia ni rangi ya sakafu, ambalo linanipeleka kwenye taa.

Mazungumzo yote ya nyekundu na ubabe yanasahau kwamba kuna sababu nyingine isiyo ya kisaikolojia hata kidogo: kuonekana. Turubai nyingi za ulingo ni za bluu. Mikeka mingi ya karate na taekwondo ina bluu ndani yake. Glavu ya bluu ikipita mbele ya turubai ya bluu inapoteza ukingo wake. Ya nyekundu inabaki imechongeka. Jaji hakumpendelea mtu, alikosa kuiona ngumi. Zamani glavu za ridhaa zilikuwa na eneo jeupe sehemu ya vifundo, ili jaji aone ni sehemu gani ya glavu iliyogusa. Wazo lile lilijali macho ya jaji kuliko mavazi mengi mazuri ya leo.

Mwanga ukiwa hafifu, mambo yanageuka. Jicho la binadamu likienda gizani linapoteza nyekundu kwanza: kitambaa chekundu kinaonekana karibu cheusi wakati cha bluu bado kinang'aa kidogo. Ni tabia ya jicho inayojulikana tangu karne ya 19, kwa jina la Purkinje aliyeieleza. Ukumbi wa mashindano haufiki giza la namna hiyo, lakini ukumbi wenye taa mbili zilizokufa upande mmoja unakuwa na kona mbili tofauti, na wapiganaji wote wawili watapita kwenye kona hizo. Halafu kuna upofu wa rangi. Katika watu wenye asili ya Ulaya, takribani mwanamume 1 kati ya 12 ana shida ya nyekundu na kijani. Katika baadhi ya jamii nyingine ni wachache zaidi, na kwa wanawake ni nadra. Wengi wao wanatofautisha nyekundu na bluu bila taabu, ndiyo sababu hamjawahi kugundua. Lakini aina moja ya upofu huo inaifanya nyekundu ionekane nyeusi-nyeusi. Jaji wa namna hiyo, ulingoni penye bukta nyeusi na glavu nyekundu, anafanya kazi ngumu kuliko wenzake. Kipimo cha vitabu vya nukta za rangi huchukua dakika chache. Kifanyike wakati wa kupima macho kwa ajili ya leseni, na jibu lake liwe kumpanga jaji mahali panapomfaa, si kumfukuza.

Kipimo cha ukumbi ni hiki, mnaweza kukifanya jioni kabla ya mashindano. Waweke watu wawili katikati ya ulingo, mmoja nyekundu na mmoja bluu, mikono mbele, na karatasi nyeupe chini ya miguu yao. Piga picha kwa simu kutoka kila kiti cha jaji, kimo cha macho ya jaji aliyekaa. Geuza picha ziwe za rangi ya kijivu. Sasa tazama: glavu ipi inajichora dhidi ya sakafu, na ipi imezama? Karatasi nyeupe iko pale kwa sababu simu hurekebisha mwanga yenyewe. Ikiwa nyeupe imeungua katika picha moja na nyingine imefifia, usizilinganishe. Kama bluu imezama kwenye viti vyote, tatizo ni sakafu; tafuteni bluu iliyo nyepesi zaidi au vifaa vyenye ukingo mweupe. Kama imezama kwenye kiti kimoja, tatizo ni taa au kiti. Mara nyingi ni kiti.

Imebaki hesabu, nami nitakuwa mkali kidogo. Kila msimu mtu hujitokeza na takwimu: "Katika mashindano yetu nyekundu imeshinda 55 kati ya 100!" Mapambano 100 ya sarafu halali yanaweza kutoa chochote kati ya 40 na 60 bila mtu kushangaa. Kwa mapambano 400 uwanja unabana, 45% hadi 55%. Kwa 1,000 ni karibu 47% hadi 53%. Ukitaka kuwa na nafasi nzuri, nne kati ya tano, ya kugundua nyekundu inayoshinda 55%, unahitaji mapambano 780 hivi. Ukitafuta athari ndogo kama ile 51.5%, unahitaji karibu 8,700. Hakuna chama cha kawaida kitakachofika huko kwa mwaka mmoja. Basi msimtuhumu jaji mmoja kwa mapambano yake thelathini. Hesabu hiyo haiwezi kumtia hatiani wala kumsafisha.

Mnaotaka kutunza kumbukumbu, andikeni kwa kila pambano: tarehe, uzito, raundi ya mashindano, nafasi ya upangaji ya kila mmoja, rangi, jinsi rangi ilivyopangwa, namba za siri za majaji na viti vyao, alama za kila jaji, na namna ya ushindi. Walioshinda kwa kipigo cha kumaliza pambano waandikwe kando, majaji hawakuwaamua. Na ile maana ya "pambano la kukaribiana" iandikwe kabla ya kufungua matokeo. Tofauti ya alama moja? Mbili? Kura 3–2? Mkisubiri kuona namba ndipo mchague, mtaipata nyekundu mnayoitaka, au bluu, kadiri ya hamu yenu.

Njia iliyo fupi ni ile ya Münster: kuwapima majaji badala ya kuwahesabu wapiganaji. Mtu mmoja anayejua kuhariri video anaweza kuiandaa. Vipande vifupi, vitendo vya utata, sauti imezimwa, maana kelele za mashabiki nazo zinasukuma kidole. Kila kipande kina nakala yake iliyobadilishwa rangi. Kosa linaloharibu jaribio ni kubadilisha vazi na kusahau kona, kiti na ubao wa matokeo nyuma. Jaji anagundua papo hapo. Lingine ni kuonyesha nakala zote mbili siku moja bila kitu kati yake, macho yakakumbuka teke. Pitisheni siku 14 katikati kama inawezekana, changanyeni mpangilio, na nusu ya majaji waanze na nakala ya asili, nusu na iliyobadilishwa.

Ndivyo tutakavyofanya. Leo ni awamu ya kwanza tu, ya pili itakuwa baada ya wiki mbili, na hadi wakati huo sitawaambia nani ameona nakala ipi. Funueni karatasi. Juu kuna namba yenu, msiandike jina. Kila kipande kitaonyeshwa mara moja, bila marudio wala kupunguzwa kasi, kisha mna sekunde tano za kuandika alama za pande zote mbili, hata kama ni sifuri. Aliyechelewa aache wazi, asibahatishe. Msitazamane na msigune. Mguno wa jaji mzee ni alama mbili kwa jaji kijana. Walio safu za nyuma upande wa dirisha, naomba msogee katikati kabla hatujazima taa.